Mwaka Niliokaa Kushoto Kwake

Baba Shiro alizikwa Alhamisi, shambani kwao nje ya Thika, na kati ya wote waliosimama kumsifu hakuna aliyetaja kwamba aliwahi kushindana kwa magari na watu wa Brazili na Poland, akiwa nyuma ya nyumba yake huko Membley, amevaa sweta ya kufuma na malapa. Walitaja miaka thelathini na minne aliyokuwa mkuu wa madereva katika kiwanda kimoja cha Thika. Walitaja uzee wake wa kanisa. Walitaja, wakishusha sauti, jinsi alivyomtunza mkewe baada ya ile ajali. Mimi nilikaa safu ya nyuma ya hema, na kila waliposema "ile ajali" niliinamisha kichwa nikaangalia viatu vyangu vilivyojaa udongo mwekundu. Nina miaka thelathini na saba sasa. Nina kazi na nina binti anayejua kusoma. Lakini maneno hayo mawili hunitoa popote nilipo na kunirudisha kwenye mwaka mmoja, nilipokuwa na ishirini na sita na sina lolote la kufanya isipokuwa kungoja Jumamosi.

Mimi na Shiro tulikuwa tumemaliza chuo Juja na tulikuwa tunatarmac, kama tulivyoita kule kuzunguka na vyeti kutoka ofisi hadi ofisi. Nilikodi chumba kimoja mtaa wa Landless, Thika, chenye kuta zilizopakwa rangi ya bluu hadi kiunoni na nyeupe iliyochoka kuanzia hapo hadi mabati. Siku za wiki nilifanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, nikiwachapia watu wengine barua za kuomba kazi. Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua jirani anapogeuka kitandani. Jioni moja nilimsikia mama wa mlango wa pili akimuuliza mwenzake wakianua nguo, "Huyu msichana wa vyeti bado hajapata?" Mwenzake akajibu, "Bado. Na ana digrii, Ngai!" Hawakusema kwa ubaya. Nilikaa gizani na sufuria ya ugali mbele yangu, na sikuwasha taa hadi walipoingia ndani, wasije wakajua kwamba nilikuwepo.

Shiro ndiye aliyenipeleka kwao Membley, kule Ruiru. Kaka yake alikuwa amehamia Kanada na kuacha SQ, kile chumba cha mfanyakazi kilicho nyuma ya nyumba nyingi za pale, kikiwa na mitambo yake yote ya mbio: kompyuta, skrini moja kubwa, kiti kilichotolewa kwenye gari bovu, pedali tatu zilizofungwa kwa nati kwenye ubao, na usukani wenye mota ndani yake. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Shiro aliniketisha, akanichagulia gari dogo jekundu, akaniambia nikanyage. Nilikanyaga. Kwenye kona ya kwanza usukani uliniponyoka ukageuka kwa nguvu, ukanigonga kidole gumba hadi ukucha ukawa mweusi, na gari likazunguka mara tatu na kuingia kwenye matairi. Shiro alicheka hadi akakaa sakafuni. Mimi sikucheka. Nilirudi mwanzo nikaanza tena, na tena, na niliporusha macho dirishani nikaona jua limeshahamia upande wa pili wa ua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi saa tatu kupita bila kuwaza kwamba sina kazi.

Baba yake alivutwa na kelele. Alisimama mlangoni, mtu mrefu mwenye masikio makubwa, akauliza, "Nani huyo anaumiza gari?"

"Baba, ni game," Shiro akasema.

"Game ama si game, hiyo gia inalia. Toa mguu. Haya, sasa badilisha." Akanitazama mikono, akaniita "mama" kwa Kikuyu. "Maitũ, usukani haukamatwi kama jembe. Legeza. Gari hufuata macho yako. Ukiangalia ukuta utaenda kwa ukuta. Angalia pale unataka kutokea."

Nikaangalia pale nilipotaka kutokea, na kwa mara ya kwanza nikapita ile kona nikiwa bado barabarani.

Baada ya mwezi Shiro alipata kazi Mombasa. Jioni aliyofunga mizigo aliniambia, "Usiache kuja. Mzee tangu astaafu anaongea na redio." Kwa hiyo niliendelea kwenda peke yangu kila Jumamosi, na nyumba ile ikanizoea. Mama Shiro, mwanamke mfupi aliyetembea haraka kana kwamba kuna kitu jikoni kinaungua, alikuwa akileta chakula saa saba kwenye sinia: maharagwe meusi ya njahi na chapati, au mukimo wa viazi na mahindi mengi, na chupa ya chai iliyofungwa kwa taulo isipoe. Aliliweka sinia juu ya mashine mbovu ya kufulia iliyokuwa SQ, akatazama skrini kwa muda, akasema kila mara jambo lile lile, "Na hakuna mtu anaumia?" Baba Shiro akamjibu, "Hakuna." Basi akaondoka ameridhika. Jikoni kwake kulikuwa na dirisha lililotazamana na letu, na simu yake aliiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na unga. Siku moja nilimsikia akimwambia dada yake, "Huyu msichana ametusaidia. Sasa mzee anaamka akiwa na kitu ya kufanya." Maneno hayo niliyabeba hadi Landless kama mtu aliyebeba mayai.

Tulijifunza pamoja, tukipokezana kiti. Nilikuwa nimedhani mbio ni kukanyaga mafuta, kumbe mwezi wa kwanza wote nilijifunza breki: kukanyaga kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kuachilia polepole unapoingia kona, kuwa na subira kabla ya kuongeza mwendo tena. Baba Shiro alijua hayo mwilini mwake, ila hakujua kompyuta. Mimi nilijua kompyuta. Mchezo ule uliwapa wageni alama za usalama. Ukigongana zinashuka, ukimaliza bila kugusana na mtu zinapanda, na usipokuwa na alama za kutosha huruhusiwi kuingia mbio za wakubwa. Kompyuta kuu zilizoendesha mbio hizo zilikuwa Ulaya, na habari zilipokwenda huko na kurudi Ruiru zilichelewa kidogo, hivi kwamba gari la mwenzako lingeweza kuruka ghafla kama panzi. Siku ya mbio yangu ya kwanza ya mtandaoni tulikuwa kumi na wawili. Nilianza nyuma kabisa, mikono inatoa jasho, na kwenye kona ya kwanza wanne waligongana mbele yangu. Nikapita katikati ya vumbi lao nikiwa nimefumba jicho moja. Nilimaliza wa saba. Baba Shiro alipiga mashine ya kufulia kwa viganja viwili kama ngoma, na Mama Shiro akaja mbio kutoka jikoni akidhani stima imelipuka.

Hizo ndizo zilikuwa siku njema, na hazikuwa nyingi. Kufikia katikati ya mwaka nilianza kuona kitu. Alama zangu zilipanda, za Baba Shiro zilishuka. Alikuwa dereva bora kuliko mimi kwa mbali. Akiwa peke yake kwenye njia alipita kona kama anayemwaga maji. Lakini watu walipokuwepo aliwagonga, na kila mara aliwagonga akigeuka kushoto. Wenzake walimlalamikia, na mara mbili akaunti yake ilifungwa kwa siku kadhaa. "Wahuni," alisema. "Wanajipenyeza pale hakuna nafasi." Nilimwamini hadi siku nilipobaki peke yangu na kurudia kutazama picha za mbio yake. Gari jeupe aliloligonga halikujipenyeza. Lilikuwa ubavuni mwake, upande wa kushoto, tangu mwanzo wa ile barabara ndefu iliyonyooka, likionekana wazi ukingoni mwa skrini, na yeye akaligeukia kana kwamba hapakuwa na kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba kila mbio aliniuliza imebaki mizunguko mingapi, ilhali hesabu ya mizunguko iliandikwa hapo hapo, juu, pembe ya kushoto.

Jumamosi iliyofuata nilimmiminia chai nikasimama kushoto kwake nimeshika kikombe, bila kusema neno. Nilisimama hadi mkono ukaanza kuchoka. Alikuwa anatazama skrini. Mwishowe akasema, "Kwani chai imeisha?"

"Iko hapa, Baba Shiro."

Aligeuza kichwa chote, kama ndege, akakiona. Uso wake ulibadilika. Alikipokea, akakiweka chini bila kunywa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka jana. Kwanza ilikuwa kama ukungu. Sasa hiyo jicho ni kama haiko."

"Umeenda hospitali?"

"Nikienda wataandika. Na wakiandika, nimekwisha, Nyambura. Miaka thelathini na minne sijagusa mtu. Nikae tu hapo kwa kiti nipelekwe kanisa kama mzigo?" Alitazama dirisha la jikoni. "Usimwambie Mama Shiro. Wala Shiro. Wakijua watachukua funguo."

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia Mama Shiro, kupitia dirisha lile lile, akimwambia dada yake kwamba mzee amegonga nguzo ya geti na kudai eti geti lilikuwa halijafunguliwa vizuri. Nilijua, basi, kwamba hatuzungumzi mchezo. Nilijua kila Jumapili anawasha gari lake la kijivu na kumpeleka mkewe kanisani. Ninaandika hivi waziwazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilikuwa mdogo, kwamba si heshima kumshitaki mtu mzima kwa mkewe. Hayo yalikuwa kweli, lakini hayakuwa sababu. Sababu ilikuwa kwamba ligi ndogo ya madereva wa mtandaoni wa Afrika Mashariki ilikuwa inaanza baada ya wiki mbili, nami nilikuwa nimepata alama za kuingia. Sikuwa nimefuzu kitu kingine chochote mwaka ule. Nikimtia mzee matatani SQ itafungwa, nami nitarudi Landless kusikiliza watu wakianua nguo. Nikamwambia, "Sawa." Nikasema na jingine, nikijiona mwerevu: "Mimi nitakaa kushoto kwako. Nitakusomea."

Nikavuta kreti ya soda nikakaa hapo. "Kushoto yuko mmoja," nilimwambia. "Bado yuko. Bado. Ameenda." Naye aliendesha kwa utulivu, akingoja neno langu kabla ya kugeuka. Mbio ya kwanza tuliyofanya hivyo alimaliza wa tatu bila mkwaruzo. Aliinua usukani wote kutoka kwenye meza kwa furaha, nyaya zikining'inia. "Umeona? Umeona, maitũ? Kumbe ni neno tu!" Sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi hivyo. Wiki baada ya wiki alama zake zilipanda, nami nilishindana kwenye ligi na kumaliza wa tano, wa nne, mara moja wa pili, na kwenye sinia la Mama Shiro vipande vya kuku vilianza kuonekana. Nilikula vile vipande vya kuku nikimtazama usoni.

Simu ya Shiro ilikuja Jumatatu asubuhi nikiwa saiba. Alikuwa anapumua kama aliyekimbia. Jana yake, wakienda kanisani, baba yake aliingia barabara kuu na lori la mchanga likawajia kutoka kushoto. Lilipiga mlango wa abiria. Baba alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Mama alikuwa amevunjika uti wa mgongo.

Nilikwenda hospitali na chupa ya uji. Kwenye ukumbi mrefu unaonuka dawa nilimkuta Baba Shiro ameketi kwenye benchi, koti la kanisani bado mwilini, na Shiro amesimama mbele yake na begi lake la safari miguuni. Polisi walikuwa wameshapita. Mzee aliwaambia kila kitu: jicho, mwaka mzima wa kuficha, yote. Alisema ni yeye, peke yake. Shiro hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alisema polepole, "Ulijua huoni, na ukamweka Mama upande huo." Baba Shiro akainamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalinikuta mimi, na akakitikisa kidogo sana, kulia na kushoto, kunizuia. Nami nikazuilika. Nilimpa Shiro ile chupa ya uji, akanikumbatia, akalia begani mwangu, akaniambia asante kwa kuwa rafiki.

Sikurudi SQ. Fainali ya ligi ilifanyika Jumamosi iliyofuata bila mimi. Mwaka ulipoisha nilipata kazi Nakuru, nikaondoka Landless na begi moja. Nilitembelea Membley labda mara nne katika miaka kumi na moja, kila mara kwa haraka, kila mara na matunda. Niliona jinsi mzee alivyokuwa akimbeba Mama Shiro kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake cha magurudumu, akipapasa njia kwa mguu, maana hata jicho la pili lilikuwa linamwacha. Alijifunza kumsuka nywele. Alipika njahi kwa kunusa. Shiro alikuwa akija kumwona mama yake na kumpita baba yake kama mtu anayepita kabati. Walisalimiana siku ya Krismasi.

Baada ya mazishi tulirudi Membley. Wanawake wa kanisa walikuwa wakiosha masufuria uani, na Mama Shiro alikuwa ameachwa kwenye kiti chake kando ya dirisha la jikoni, shali nyeusi magotini. Nilipiga magoti kando yake. Nilikuwa nimekuja kutoka Nakuru na maneno tayari mdomoni, na niliyasema bila kupamba: kwamba nilijua kuhusu jicho miezi mitatu kabla, kwamba nilinyamaza kwa sababu nilitaka mbio zangu, kwamba nilikaa kushoto kwa mzee nikamsaidia kuwadanganya wote.

Alinisikiliza akinyoosha shali. "Najua," akasema. "Aliniambia."

"Aliniambia nisikwambie."

"Aliniambia mwenyewe. Alikuja hapa jikoni kutoka huko SQ, anacheka kama kijana. Akasema, 'Mama Shiro, jicho limekufa lakini dawa nimepata. Nyambura hunisomea kushoto. Na wewe unaweza.' Nikalia kwanza. Halafu nikakubali. Sisi wawili tulienda kanisa hivyo wiki sita. Nilikuwa naona raha, Nyambura. Maisha yetu yote alikuwa anaendesha na mimi nimekaa tu. Sasa alikuwa ananihitaji."

Mmoja wa wanawake akamwaga maji, na Mama Shiro akangoja aondoke.

"Ile siku tulikuwa tumechelewa. Nilikuwa natafuta kitabu cha nyimbo kwa mkoba. Tulifika barabara kubwa akasimama, akaniuliza, 'Kushoto?' Nikasema, 'Hakuna.' Sikuwa nimeinua kichwa."

Niliokota ncha ya shali iliyoteleza, nikairudisha magotini pake.

"Polisi walimuuliza. Pasta akamuuliza. Shiro akamwambia yale alimwambia. Hakusema. Nilikuwa nangoja aniulize tukiwa wawili, usiku, hata kwa hasira. Miaka kumi na moja ananiosha na mikono yake na hakuniuliza. Na mimi sikumwambia mtu. Kwanza nilikuwa mgonjwa. Halafu ikawa imechelewa. Halafu nikaogopa Shiro atanichukia mimi, na ndiye huyo tu ananishika mkono."

Shiro alitokea mlangoni na sinia la vikombe. Macho yake yalikuwa makavu. Siku nzima yalikuwa makavu, na watu walikuwa wameanza kunong'ona. "Mnaongea nini hapo?" akauliza.

Mama Shiro alikunja pembe ya shali. "Mambo ya baba yako," akasema. "Weka hiyo sinia chini, Shiro. Leta kiti ukae."

"Mum, kuna watu wa kuhudumia."

"Watajihudumia. Leta kiti."

Nilisimama niwaachie nafasi, kwa maana hayo yalikuwa yao. Mama Shiro akanishika mkono wa sweta. "Na wewe unaenda wapi?" akaniambia. "Kaa."

Shiro alileta kiti, akakaa akitutazama mmoja baada ya mwingine. Mama Shiro alianza, "Ile siku…" akaishia hapo. Akajaribu tena. Basi nikaanza mimi, tangu kile kikombe cha chai kushoto kwa baba yake.